Muhuri Ulikuwa wa Kweli

Somo la juma hili: 1 Wafalme 21:1–19



Juma hili tumechagua habari ya Naboti na shamba lake la mizabibu. Wengi wetu tuliijua tangu shule ya Jumapili, na mara nyingi tunaihubiri kwa ajili ya kukemea tamaa. Hiyo ni haki. Lakini ndani ya habari hii kuna kitu tunachokipita haraka, nacho ni barua. Leo tutakaa hapo kwenye barua.

Mfalme Ahabu alilitamani shamba la Naboti lililokuwa karibu na jumba lake pale Yezreeli. Alitoa bei. Alitoa hata shamba lingine lililo bora zaidi. Naboti akakataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akarudi nyumbani amenuna, akalala kitandani, akageuza uso, akakataa chakula, mtu mzima mwenye taji! Ndipo mkewe Yezebeli akaingia kazini. Angalieni vizuri alichofanya. Hakutuma askari. Aliandika. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakubwa waliokaa mji mmoja na Naboti. Barua zilipanga kila kitu: tangazeni kufunga, mketisheni Naboti mbele ya watu, watafuteni watu wawili wasiofaa waje kusema kwamba amemtukana Mungu na mfalme, kisha mtoeni nje mkampige mawe. Wazee wakafanya kama ilivyoandikwa, na Naboti akafa.

Sasa tujiulize. Muhuri ule ulikuwa wa uongo? Hapana. Ulikuwa muhuri wa mfalme wenyewe. Mtu wa Samaria aliyeishika barua ile na kuukagua muhuri angesema: karatasi hii iko sawa. Uongo ulikuwa kwenye maneno yaliyotiwa muhuri. Na watu ambao wangeweza kuutambua uongo huo walikuwa wale wazee, kwa sababu walikaa na Naboti, walipita karibu na shamba lake, walijua baba yake ni nani. Mtu wa mbali hakuwa na njia ya kujua. Wa karibu walijua, wakanyamaza.

Wazee wa Masisi hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Sheria ya mwaka 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali. Baada yake, watu waliokuwa na njia ya kufika ofisini walirudi na karatasi za mashamba makubwa ya ng'ombe, juu ya vilima ambavyo wengine walikuwa wanalima tangu zamani. Karatasi zilikuwa na mihuri. Maumivu ya jambo hilo bado tunayo. Lakini leo hatuhubiri juu ya mashamba, tunahubiri juu ya etiketi.

Aliyekaa Rubaya, Bisie, Njingala au Mubi anaijua etiketi. Kwa mama na baba ambao hawakukaribia machimbo, tueleze kidogo. Ni kipande chenye namba, kinachofungwa kwenye gunia la koltani au la kasiterite. Gunia likitoka machimboni linawekwa kwenye mizani. Mtumishi wa Serikali anaandika katika daftari uzito, tarehe, jina la chimbo na namba ya etiketi, kisha anaifunga. Gunia likifika kwa negosiani au kwenye kontwari kule Goma, linafunguliwa, mawe yanasafishwa na kuchanganywa na mengine, yanatiwa katika magunia mapya, na etiketi ya pili inafungwa, na daftari la pili linaandikwa. Namba hizo zote zinaingizwa katika kompyuta zilizo mbali. Kusudi ni kwamba mwenye kiwanda cha kuyeyusha huko Asia, na mwenye kampuni ya simu huko Marekani, aweze kusema: ninajua jiwe hili lilitoka wapi, na fedha yake haikununua risasi.

Si jambo dogo. Ndani ya koltani mna madini ya tantalamu, ambayo yanaingia katika simu tunazoshika mikononi, katika kompyuta, hata katika ndege. Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia nzima. Kwa hiyo lile neno linaloandikwa kwenye daftari chini ya turubai, siku ya mvua, na kalamu ya bei ndogo, linasomwa na kuaminiwa mbali sana.

Tukumbuke kwa nini etiketi ililetwa, maana vijana wetu hawakuyaona. Kasiterite ya Bisie ilianza kuchimbwa mwaka 2002. Barabara haikuwepo. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni, siku mbili msituni, mpaka Njingala, na ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya gari kule Kilambo ili kuyapeleka Goma. Njia nzima, wenye bunduki walikaa wakitoza: mlangoni mwa msitu, kwenye chimbo, kwenye shimo lenyewe. Watu wa nchi za mbali waliposikia hayo, wengine wakaona aibu. Mwezi wa Julai 2010 Wamarekani walipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zao zieleze kama madini wanayotumia yanatoka Kongo au nchi jirani. Hapa kwetu iliitwa sheria ya Obama. Mwezi wa Septemba mwaka uleule, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Ulifunguliwa tena Machi 2011.

Waliokuwa Walikale miezi ile hawajasahau. Mtu aliyekula kwa koleo lake alikaa nyumbani. Karo ya shule haikupatikana. Na hata baada ya kufungua, wanunuzi wakubwa wa nje walikataa gunia lisilo na ushahidi. Katika Rubaya kazi ya etiketi ilianza mwaka 2014, kwa mpango unaoitwa ITSCI, uliotengenezwa na mashirika ya wenye viwanda vya bati na tantalamu. Tunayasema haya ili mtu asije akafikiri kwamba tunaidharau etiketi. Watu wetu waliingojea kwa njaa. Ilipofika, gunia la Masisi liliweza tena kuuzwa mchana.

Basi shida iko wapi? Shida ni ileile ya Yezreeli. Gunia linatoka kwenye chimbo lililokatazwa, mahali ambapo mwenye bunduki anachukua fungu lake. Linapanda pikipiki usiku. Asubuhi linaonekana kwenye chimbo lililoruhusiwa, linapimwa, linaandikwa, linafungwa etiketi. Etiketi ni ya kweli. Imetoka ofisini, namba yake imo kwenye orodha, hakuna aliyeighushi. Kompyuta ikiulizwa itajibu bila kusita: gunia hili ni safi. Haidanganyi kwa makusudi. Inarudia tu ilichoambiwa.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi juu ya etiketi zinazopita mkono kwa mkono kwa fedha. Mwezi wa Aprili 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti ndefu likisema mpango wa ITSCI umekuwa mlango wa kusafishia madini ya vita na ya magendo. Wenye mpango walikana. Hatuketi hapa kuhukumu kesi yao. Tunachosema ni kwamba kila aliyekaa karibu na machimbo anajua jambo hilo linavyowezekana, na hakuhitaji ripoti kutoka London ili alijue.

Kisha vita vilipanda tena. Mwishoni mwa Aprili 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa M23. Kabla ya mwaka kuisha, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba koltani ya huko inavushwa mpaka Rwanda na kuchanganywa na ya Rwanda. Rwanda inakana. Mwezi wa Februari 2025 waziri wa migodi huko Kinshasa aliyatangaza machimbo ya Masisi na Kalehe kuwa mekundu, maana yake ni marufuku kununua humo. Lakini ndugu zetu, mashimo hayabadiliki rangi. Asubuhi baada ya tangazo watu walishuka shimoni, kwa sababu watoto walikuwa hawajala. Jiwe likisha kuchanganywa na jiwe lingine, mtu akalipa jina la nchi nyingine, ni nani atakayelitambua? Mawe hayana kabila wala lafudhi. Yanaitwa tu jina yanaloandikiwa.

Tuje sasa kwa wazee wa Yezreeli wa leo, na tuwaseme kwa upole, kwa sababu wengi wao ni waumini wetu. Ni yule mtumishi mwenye daftari na fungu la etiketi. Mara nyingi mshahara wake umechelewa miezi. Yuko peke yake mlimani. Aliyeleta gunia la usiku amekuja na mtu mwenye silaha anayesimama bila kusema neno. Barua ya Yezebeli nayo haikuja mikono mitupu. Wazee walijua kwamba mwanamke yule alikuwa ameshaua manabii. Sisi hatutasimama kwenye kipaza sauti, mahali penye usalama kidogo, tumwambie mtu afe kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Lakini aliyelazimishwa si sawa na aliyeuza. Yuko anayefunga etiketi kwa sababu bunduki iko mgongoni; huyo tunamwombea, na Mungu anaona. Yuko anayezitoa etiketi jioni kwa bei, amekwisha kuizoea bei hiyo, na Jumapili anatoa sadaka kutoka humo. Huyo tunamwambia wazi: hilo ni fungu la shamba la Naboti. Na yuko wa tatu, ambaye ndiye anayetusumbua zaidi, kwa sababu ni wengi na tabia yao ni nzuri. Huyo anasema: mimi naandika tu. Ninaletewa jina la chimbo, ninaliandika. Sikulileta gunia, sikuiuza etiketi, mimi ni kalamu. Mungu hakumuumba mtu kuwa kalamu. Amri inayokataza kumshuhudia mwenzako uongo haikusema kwamba ushahidi wa maandishi ni mwepesi kuliko ule wa kinywa. Neno la kinywa linasikiwa na watu kumi, kesho wamelisahau. Lililoandikwa litaendelea kusema hata baada ya mwandishi kufa.

Kwa huyo wa tatu tunalo shauri dogo, si kubwa. Jambo usilolijua, usiliandike. Kama hukuliona gunia likitoka shimoni, usiandike kwamba uliliona. Acha mahali pale peupe. Mkubwa wako atakuuliza kwa nini ni peupe, na hapo utakuwa umemrudishia yeye swali lake. Mahali peupe kwenye daftari pana aibu kidogo, lakini hapajamdhulumu mtu.

Kuna jambo la pili kwenye barua ya Yezebeli, nalo linatugusa wote, hata tusioshika etiketi. Barua ilimtaja Naboti, lakini ilimtaja kama mshitakiwa tu. Haikuandika kwamba alikuwa na baba zake. Haikuandika alichomjibu mfalme. Kwa wale waliosoma, Naboti alikuwa jina lililo mbele ya kosa. Anayechora daftari ndiye anayechagua ni jambo gani litaulizwa, na lisiloulizwa linakuwa kama halipo.

Daftari la machimbo linauliza kilo. Linauliza tarehe. Linauliza chimbo. Haliulizi nani amelichimba jiwe, kama alilipwa, au kama aliyekuwa shimoni wiki iliyopita bado yu hai. Haliwaulizi akina mama wanaotwanga na kuosha mawe mtoni na mtoto mgongoni. Mvua ikinyesha na udongo wa Rubaya ukiporomoka juu ya vijana, kompyuta zilizo mbali zitaona tu kwamba kilo zimepungua mwezi huo. Gharama ya mpango wenyewe inahesabiwa kwa tani. Mnunuzi anailipa, kisha anaipunguza kwenye bei anayompa aliye chini yake, naye kwa aliye chini yake, mpaka inamfikia yule mwenye koleo. Kwa hiyo mchimbaji anachangia daftari ambalo halimuulizi jina lake.

Na jina lake liko wapi basi? Nchi hii ilihesabu raia wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Karti ya uchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu. Desemba 2023 nchi ilipopiga kura, Masisi na Rutshuru hazikupiga, kwa ajili ya vita. Wako vijana wetu waliofika umri wa utu uzima bila kuandikwa popote isipokuwa kwenye kitabu cha ubatizo, kama kitabu chenyewe hakikuungua. Kijana wa namna hiyo akifika kwenye barieri na gunia lenye etiketi mgongoni, gunia lina karatasi kamili, yeye hana. Gunia linapita. Yeye anaulizwa ni nani.

Mtu atasema: kumbe tuombe tuandikwe wote, kila mahali, haraka. Hapo tunasema, polepole.

Ndugu zetu wengi walikaa kambini karibu na Goma, Bulengo, Lushagala na kwingineko. Huko waliandikwa kweli. Walitoa majina, idadi ya watoto, kijiji walichotoka, na vidole vyao viliwekwa kwenye mashine ndipo wapate jetoni ya chakula. Mwenye njaa hawezi kusema sitaki kidole changu kichukuliwe. Tunawashukuru waliowalisha. Lakini Februari 2025 kambi zilivunjwa, watu wakapanda kurudi Sake, Kitshanga na Masisi kati, wengine hatujui walikokwenda. Turubai zilibaki zimechanika. Alama za vidole ziko wapi? Nani anazitunza, kwa miaka mingapi, na nani anaweza kuzitazama? Maswali haya si matusi kwa mashirika. Ni maswali ambayo mama wa Bulengo alikuwa na haki ya kujibiwa kwa lugha yake kabla ya kunyoosha kidole.

Hata mwenye nia safi anaweza kuibiwa. Mwezi wa Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa kompyuta waliingia mahali palipotunzwa habari za watu zaidi ya 515,000 duniani kote: waliopotezana na jamaa zao katika vita, wafungwa, watu wanaotafutwa na ndugu. Wengi hapa kwetu walitafutiwa watoto wao kwa njia hiyo, na tunaiheshimu kazi yao. Tunaiheshimu pia kwa sababu walilisema wenyewe hadharani, wala hawakulificha. Lakini kama hao walifunguliwa mlango na wezi, itakuwaje kwa orodha iliyo kwenye simu ya shefu, au ya mchungaji, simu ambayo kesho inaweza kuchukuliwa barabarani?

Na kwetu jina si neno tupu. Mtu akisikia jina lako na la baba yako, mara nyingi amekwisha kujua kabila lako na kilima chako. Machi 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika Walikale, yakapanda mpaka Masisi, na jirani aliulizwa ni nani kabla ya kuuawa. Kule Rwanda, vitambulisho vilivyoandikwa kabila tangu miaka ya 1930, chini ya Wabelgiji, ndivyo vilivyosomwa kwenye barieri mwaka 1994. Waliovianzisha walisema wanapanga kazi za ofisi. Orodha inayoleta unga leo, mikononi mwa mtu mwingine inaweza kuwa orodha ya nani aanze kufa.

Neno fupi kwa vijana wenye simu, kwa sababu hata ninyi mna muhuri. Yezebeli alihitaji watu wawili wasiofaa ili Naboti apigwe mawe. Siku hizi sauti isiyo na jina inaingia kwenye WhatsApp: fulani wa kijiji fulani ameonekana na adui. Kijana wa kwanza anaituma kwa wenzake. Wa pili anaituma. Tayari mashahidi ni wawili, na hakuna aliyeona kitu. Ukiipokea sauti ya namna hiyo, isimame kwako.

Turudi Yezreeli, maana habari haikuishia kwenye kaburi la Naboti. Ahabu aliposikia kwamba mwenye shamba amekufa, alishuka kulichukua. Kwa karatasi, mambo yote yalikuwa sawa: kulikuwa na mashitaka, mashahidi wawili, hukumu. Ndipo Mungu akamtuma Elia. Akamwambia mfalme yuko wapi: yuko pale shambani. Elia hakuanza kuikagua barua wala kuupima muhuri. Alimkuta mfalme amesimama juu ya udongo wa Naboti, na hapo ndipo alipomuuliza juu ya kuua na kuchukua. Tunawaambia wale wenye mipango ya mbali, kama karatasi hii itawafikia: kaguzi za namba mnazo nyingi, tunawaomba mje shambani. Ulizeni jina la mchimbaji na bei aliyopewa, wala msimuulize mbele ya anayemlipa.

Na sisi je, kanisa? Hatuwezi kuyasema haya kwa wengine tu. Wazee wa kanisa wamekutana mara mbili juu ya jambo moja: waliokufa shimoni. Familia nyingi zimetuomba jina la mtoto wao liandikwe mahali, kwa sababu hakuna daftari lolote linaloonyesha kwamba alikufa, wala kwamba aliishi. Wengine katika kikao waliogopa, na hofu yao ilikuwa na maana. Walisema: mkiandika majina, mmeandika makabila, daftari likishikwa, familia itafuatwa. Tulibishana sana. Mwishoni tumekubaliana hivi.

Kila kanisa dogo litakuwa na daftari moja la karatasi. Litaandikwa jina la marehemu kama familia inavyotaka liandikwe, mwaka aliokufa, na neno moja, shimoni. Hatutaandika kabila. Hatutaandika kijiji alikotoka, wala chimbo kama familia inaogopa. Hatutaandika majina ya walio hai, hata mjane, hata watoto. Halitapigwa picha kwa simu na mtu yeyote, wala mchungaji, wala mgeni wa shirika, hata akiwa na barua yenye muhuri. Familia ikibadilisha mawazo, itakuja na ukurasa utachanwa mbele yake, bila maswali. Siku ya kukimbia, mwenye funguo ataliunguza kabla ya kulibeba kanisani kwingine. Hilo la mwisho liliwaumiza wengi, lakini limekubaliwa.

Daftari litafunguliwa Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Familia zije na watu wawili waliomjua marehemu, waliomwona kwa macho yao akishuka kazini. Wasiojua kusoma watasomewa kilichoandikwa, mara mbili, kabla kalamu haijawekwa chini.